Paka wa kale kwenye gemu: maswali ya wachezaji wa Tanga

Maswali ya safari hii yametoka kwa vijana wanaocheza gemu ya dadu ya kuigiza wahusika. Karibu wote wanataka wanyama wakali wa jamii ya paka waliokwisha kutoweka.

Nataka Smilodon, yule paka wa kale wa meno marefu, awavamie wahusika wangu kando ya Mto Pangani. Nimpe nguvu gani ya kuuma? (Ngamiani)

Kwanza mtoe Pangani. Smilodon aliishi Amerika ya Kaskazini na ya Kusini tu, akatoweka miaka 10,000 hivi iliyopita. Afrika hajawahi kukanyaga.

Pili, ubabe wake haukuwa kwenye taya. Utafiti wa fuvu lake uliotolewa 2007 ulionyesha aliuma kwa theluthi tu ya nguvu ya simba. Kazi ilikuwa ya miguu ya mbele: alimwangusha mnyama, akamgandamiza hadi asifurukute, ndipo akaachama na kuzamisha meno kooni. Meno yale, marefu na membamba kama jambia, yalikuwa rahisi kuvunjika yakigonga mfupa. Kwa hiyo dadu ya kwanza iwe ya kukamata. Akikosa kukamata, haumi. Mwongoza mchezo anayemwachia aume ovyo kila zamu hajamsoma mnyama wake.

Nani angeshinda, Smilodon au simba? (wengi mno)

Smilodon yupi? Spishi ziko zaidi ya moja: Smilodon gracilis alikuwa mdogo kuliko simba, Smilodon populator aliweza kufika kilo 400. Nimeshaomba mara nyingi mtaje jina zima. Swali lisilo na jina zima sitalijibu tena.

Kwani Afrika hatukuwa na wetu? (Muheza)

Tulikuwa nao, na inaniuma kuona kila kisa kinaanzia kwenye theluji. Mifupa ya Homotherium, Megantereon na Dinofelis, wote ndugu wa Smilodon katika jamii ya paka, imechimbwa kando ya Ziwa Turkana, Kenya, eneo lile lile lililotoa mabaki ya watu wa kale. Wahenga wetu waliishi nao, na hicho peke yake ni kisa kizima.

Dinofelis alikuwa na umbo kati ya chui na simba, miguu ya mbele minene, meno mafupi kuliko ya Smilodon. Mweke kichakani, avizie. Homotherium usimfiche. Yeye alikuwa na miguu ya mbele mirefu na mgongo ulioteremkia nyuma, na vinasaba vyake vilivyosomwa 2020 vinaashiria mwindaji wa mchana mwenye pumzi ya kufukuza kwa muda mrefu. Mpe uwanda wazi, mpe na wenzake, uone mchezaji anayetegemea mbio atafanyaje. Yule mtoto wa Homotherium aliyekutwa kwenye barafu ya Siberia, akatangazwa 2024, ana manyoya mazito ya kahawia. Hayo ni ya nchi ya baridi, msimvishe wa Turkana.

Simbakubwa awe mfalme wa simba wote? (Chumbageni)

Mtumie, lakini si simba wala si paka. Alitangazwa 2019 kutokana na mifupa ya magharibi mwa Kenya iliyokaa miaka mingi kwenye droo ya makumbusho Nairobi. Ni wa hienodonti, ukoo wa wanyama wala nyama wa kale uliotoweka wote. Aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita, kwa hiyo kisa chake kisiwe na binadamu.

Silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, yupo baharini kwetu. Kwa nini paka wa meno marefu asiwepo Usambara? (Raskazone)

Silikanti mara nyingi hujificha kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Paka mkubwa huacha nyayo na hukamata mbuzi, na Usambara imejaa mashamba na watu. Angekwisha kuonekana. Ukitaka mnyama wa kutisha wa pwani, nunda wa hadithi za bibi zetu anatosha, ila mwite nunda, usimbandike jina la kisayansi. Watoto wanaocheza nanyi wanaamini mnachosema. Na mnaopanga kuchezea ndani ya Mapango ya Amboni, ingieni na mwongozaji. Mle ni giza na njia zinapotea.

Naweza kupata wapi meno halisi ya chui kwa ajili ya vazi la mchezo? (hakutaja mtaa)

Usitafute. Kukutwa na meno ya chui bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na biashara hiyo huchochea kuuawa kwa chui walio hai leo. Chonga kwa mti au kifuu cha nazi.