Mafuta yakimwagika sakafuni, nani aandike ripoti?

Wengi wanaoniuliza namna ya kuunganisha mifumo ya kusimamia ubora, mazingira na usalama kazini huanza na nyaraka: waandike mwongozo mmoja au mitatu? Mimi huwapeleka kwanza kwenye mashine.

Chukua kiwanda cha mafuta ya alizeti. Raba ya vali ya mashine ya kujazia imechakaa na mafuta yanavuja. Madumu yanatoka yamepungua, sakafu inateleza, na mafuta yanaelekea mtaroni. Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa na maofisa watatu, na kila mmoja alifungua jalada lake. Wa ubora alirudisha madumu yajazwe upya. Wa usalama akaagiza viatu visivyoteleza. Wa mazingira akaleta maranda ya kunyonya mafuta (na maranda yenyewe yakageuka taka ya kutafutiwa pa kutupwa). Majalada yote yalifungwa vizuri, yamesainiwa. Raba ikachakaa tena, maana hakuna aliyeuliza kwa nini matengenezo yanaahirishwa kila oda zikibana.

Basi anzia hapo: fomu moja ya tukio, uchunguzi mmoja, na chanzo kimoja kinachotafutwa na watu wa idara zote wakiwa wamesimama mbele ya mashine pamoja na fundi wa zamu. Mkitoka hapo, nyaraka zitaungana bila shida. Viwango vya kimataifa vya ISO 9001 (ubora) na ISO 14001 (mazingira) vya mwaka 2015, pamoja na ISO 45001 (usalama na afya kazini) cha 2018, vina mpangilio uleule wa vifungu kumi. Uongozi uko kifungu cha 5, mipango cha 6, ukaguzi wa ndani na mapitio ya menejimenti cha 9. Kwa hiyo udhibiti wa nyaraka, mafunzo, ukaguzi wa ndani na kikao cha mapitio viwe kimoja kimoja.

Ila msiunganishe kila kitu. Nimeona jedwali moja la hatari ambamo dumu lenye lebo iliyopinda na mkono unaoweza kunaswa na mkanda wa mashine vinapewa alama kwa kipimo kilekile. Hilo silikubali hata kidogo. Usalama una ngazi yake: ondoa hatari, ukishindwa badilisha kifaa au malighafi, kisha weka kizuizi cha kiufundi, kisha utaratibu wa kazi na mafunzo; vifaa vya kinga ni vya mwisho. Tena ISO 45001 inataka wafanyakazi wasio na vyeo washauriwe na washiriki, jambo ambalo ISO 9001 haijaliwekea sharti kama hilo. Anayefagia sakafu ndiye anayejua inateleza saa ngapi.

Mwenyekiti wa kikao cha pamoja awe meneja uzalishaji. Ofisa ubora hana mamlaka ya kusimamisha laini ya uzalishaji ili raba ibadilishwe. Meneja uzalishaji anayo, na ndiye anayeziahirisha siku za matengenezo.

Kuhusu wakaguzi wa nje, iombeni taasisi inayowapa vyeti vya ISO ikague viwango vyote kwa pamoja. Kwa walioko Tanzania, wakaguzi wa serikali, yaani OSHA (usalama kazini), NEMC (mazingira) na TBS (viwango vya bidhaa), wataendelea kuja kila mmoja kwa sheria yake, hata mkiwa na mfumo mmoja. Tarehe za vibali vyao ziandikeni kwenye kalenda moja, na kila kibali kiwe na jina la mtu anayekifuatilia.