Dawa ya goti ilivyochubua utumbo wangu

Kwa miezi minne nilimeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya goti, na omeprazole juu yake ili "kulinda tumbo". Nilijinunulia mwenyewe duka la dawa. Kisha nikaanza kuchoka ovyo, choo kikawa cheusi na kunata kama lami. Nilipopimwa, wingi wa damu ulikuwa 7 tu, yaani mdogo sana. Kamera iliyopitishwa mdomoni haikuona kidonda, na daktari akashuku kwamba michubuko iko mbele zaidi, kwenye utumbo mdogo.

Nilishangaa. Dawa ya kutuliza uvimbe inawezaje kuumiza?

Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, zimeshikana ubavu kwa ubavu kwa fundo za protini na kufunikwa na ute. Huku bakteria, huku damu yako. Seli hizo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa na mwili, ndizo zinazosaidia ute utoke na damu ifike hapo. Zilezile, gotini, huleta maumivu. Diklofenaki huzizuia kote, haichagui. Omeprazole nayo hupunguza asidi, hivyo hulinda tumbo na mwanzo wa utumbo; huko mbele haisaidii.

Watulizaji halisi wa utumbo hutengenezwa humohumo mwilini. Mmoja ni interleukini-10, molekuli inayoziambia seli za kinga zipunguze ukali. Mwaka 1993 watafiti wa Köln, Ujerumani, walionyesha kwamba panya wasio na jeni yake hupata uvimbe sugu wa utumbo. Mwingine ni butireti, aina ya asidi ya mafuta, na huyu unaweza kumwongeza kwa chakula. Bakteria wa utumbo mpana huitengeneza wanapochachusha nyuzinyuzi. Seli za ukuta wa utumbo huo mpana huitumia kama chakula chao kikuu, nayo huzisaidia kukaza zile fundo.

Kwa hiyo nimerudi kwenye maharage, kunde, choroko, ugali wa dona na ndizi mbichi za kupika. Anza kidogokidogo, tafadhali. Mimi nilianza na bakuli zima na tumbo likajaa gesi wiki nzima. Wala usidhani kunde zilinitibu: niliacha diklofenaki, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, na damu ikapanda taratibu. Mwenye kidonda au ugonjwa wa utumbo aulize kwanza kabla ya kuongeza nyuzinyuzi.

Kama dawa za aina ya diklofenaki umeandikiwa na daktari, usiziache kimyakimya. Mwulize utazitumia hadi lini, na mtajie dawa zako zote, hasa aspirini. Kama unajinunulia, na siku zinapita, nenda ukapime damu wiki hii. Choo kikiwa cheusi kama changu, nenda leo.

Goti bado linauma siku za baridi. Nafanya mazoezi ya paja niliyofundishwa, na nikizidiwa nameza parasetamo kwa kipimo chake.