Nyimbo za Kijapani darasa la tatu: anza na mchezo

Kipindi changu cha kwanza kuhusu Japani kilikuwa cha picha. Nilibandika ubaoni kimono, mlima Fuji na upanga wa samurai, nikaeleza kimoja kimoja. Hazikupita dakika kumi, nusu ya darasa wakawa wanarushiana mateke ya karate. Binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, kwani watoto wa huko wanacheza nini?"

Sikuwa na jibu. Nililipata kwa kijana wa Kijapani aliyekuwa akijitolea shule ya jirani. Vijana hao wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, wanakuja Tanzania tangu 1967. Alikusanya watoto uani, akawafundisha Kagome Kagome. Mmoja anachuchumaa katikati amefumba macho, wenzake wameshikana mikono wanamzunguka wakiimba. Wimbo ukikatika wanasimama, naye abahatishe nani yuko nyuma yake. Mtoto aliyekulia kwenye "Ukuti, ukuti" haelezwi mara mbili.

Tangu siku hiyo naanza na mchezo, picha zinakuja wiki ya pili. Nawe ningekushauri hivyohivyo.

Usiogope lugha. Kijapani kina irabu tano kama zetu, a, e, i, o, u, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo watoto wetu hutamka vizuri upesi. Shida iko kwenye mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi watoto watasema "sa-KU-ra". Wapigishe kofi moja kwa kila silabi, zote kwa uzito sawa. Angalia pia irabu ndefu, kwani "ojisan" ni mjomba au baba mdogo, lakini "ojiisan" ni babu.

Wimbo wa Sakura Sakura, ambao wanaoanza kujifunza koto, ala ya Kijapani ya nyuzi 13, hupewa mapema, ndio ulionitesa zaidi. Walimu wa kwaya mtanielewa nikiuandika kwa solfa: la la ti, la la ti, la ti do ti. Humo mna la, ti, do, mi na fa tu; re na so hazimo kabisa. Watoto wangu, waliozoea nyimbo zenye so, walikuwa wakiivuta fa ipande mpaka wimbo ukapoteza huzuni yake. Niliacha kinanda, nikawa naimba mstari mmoja, nao wanaitikia wakiwa wamefumba macho, polepole, siku nne mfululizo. Usiharakishe hapa. Nusu sauti kati ya mi na fa ndiyo roho ya wimbo huu, na mtoto akishaisikia haipotezi tena.

Kwa ngoma za taiko huhitaji kununua kitu. Wajapani hujifunza mapigo kwa mdomo kwanza: "don" ni pigo zito katikati ya ngozi, "doko" ni mawili ya harakaharaka, "ka" ni la ukingoni, "su" ni kunyamaza. Darasa langu la watoto 68 liliimba mapigo wiki nzima kabla ya kugusa ndoo tulizotumia kama ngoma. Nawadai sana ile "su". Mikono inabaki juu, hakuna anayepumua kwa kelele, na watoto wenyewe wamekuja kuipenda kuliko "don".

Mawili ya kuzingatia. Kuna siku mtoto atavuta kope zake kwa vidole au kubuni maneno ya "kichina". Usiache lipite. Mimi nilisimamisha wimbo, nikawauliza wangejisikiaje mtu akiiga midomo yetu kwa kejeli. Walinyamaza, tukaendelea.

La pili ni wazazi. Nilifundisha Tanko Bushi, ngoma iliyotokana na wachimba makaa ya mawe wa Fukuoka: chimba, chimba, beba begani, tazama kwa mbali, sukuma toroli, piga makofi. Watoto wanaipenda kwa sababu ni kazi wanayoiona kwa macho. Lakini huchezwa zaidi wakati wa Obon, siku za kukumbuka roho za wahenga, na mzazi mmoja alikuja akiwa na hasira kwamba nafundisha matambiko. Alikuwa na haki ya kuuliza. Sasa naandika barua nyumbani mapema nikieleza ngoma ni ya nini na kwamba tunajifunza hatua zake tu.

Mengine hayahitaji somo. Niliwaambia tu, huku wakiwa wameshika fagio za chelewa, kwamba wenzao wa Japani nao husafisha madarasa yao na kupakuliana chakula cha mchana. Waliguna kwa mshangao, kisha wakafagia mpaka chini ya kabati.

Wimbo wa Hotaru Koi nauweka kwa msimu wa mvua. Unamwita kimulimuli: maji ya kule ni machungu, ya huku ni matamu, njoo. Ufundishe wiki ambayo vimulimuli wameshatoka, ili jioni wauimbe nyumbani wakiwa wanawaona.