Muulize Mzee wa Tanga: Mbona wajamaa wa Uingereza hawaivi chungu kimoja?

*Shikamoo Mzee. Nasoma sayansi ya siasa mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba mrengo wa kushoto wa Uingereza umegawanyika tangu zamani kati ya wanamageuzi na wanamapinduzi. Kwa ninavyoelewa wote wanataka ujamaa, ila mmoja ana subira na mwingine ana haraka. Sasa kwa nini waitane wasaliti? Si wangekaa wakakubaliana mwendo?*
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Hilo la subira na haraka nimelisikia sana, na Wafabiani, wajamaa wa mwendo wa taratibu, ndio waliolipa umaarufu. Chama chao kilianzishwa London mwaka 1884, kikajipa jina la Fabius, jenerali wa Roma aliyemchosha Hannibal kwa kukwepa kupambana naye ana kwa ana. Lakini angalia: Sidney Webb, Mfabiani wa kutupwa, ndiye aliyeandika Kifungu cha Nne cha katiba ya mwaka 1918 ya Labour, chama kikuu cha wafanyakazi Uingereza, kilichoahidi kwamba njia za uzalishaji zitakuwa mali ya wote. Miaka mingi maneno hayo yalichapwa kwenye kadi za wanachama, mpaka kiongozi wa chama Tony Blair alipoyabadilisha mwaka 1995. Mtu wa taratibu ndiye aliyeandika ahadi nzito kuliko zote. Ugomvi basi hauko kwenye kasi.

Uko kwenye dola. Mimi nimekula mkate wa Uingereza kwa udereva wa basi, kwa hiyo nitakujibu kidereva. Mwanamageuzi anaiona serikali kama basi: ukishinda uchaguzi unakabidhiwa usukani, unakata kona unakotaka. Mwanamapinduzi anakwambia usukani uliokabidhiwa ni wa maonyesho. Wa kweli wanao wenye mabenki, majenerali, majaji na makatibu wakuu ambao hakuna aliyewapigia kura. Ukishika la kwanza, anayeitisha mgomo karibu na uchaguzi anakuharibia. Ukishika la pili, anayewaambia wafanyakazi wasubiri uchaguzi ndiye anayewauza. Hapo ndipo neno "msaliti" linapotoka, na halitoki vitabuni. Linatoka kwenye kikao cha tawi, saa mbili usiku, watu wamechoka na chai imepoa.

Nilikuwa Leeds wakati serikali ya Thatcher inajiandaa kuifungulia biashara huria huduma ya mabasi nje ya London, jambo lililoanza rasmi Oktoba 1986. Kwenye tawi letu walikuwapo madereva wawili marafiki, watu wa kwenda kuvua samaki pamoja Jumapili. Mmoja alikuwa Labour, mwingine alikuwa wa Socialist Workers Party, chama kidogo cha kimapinduzi, huuza gazeti lao kwenye geti la kituo asubuhi na mapema. Wa Labour alisema: tuwaandikie wabunge, tuwaeleze abiria, tungoje serikali yetu irudi ifute sheria hii. Mwenzake akainuka: tungoje miaka mingapi, na wewe ratiba yako inabadilishwa Jumatatu? Ukumbi ukagawanyika. Mgomo haukuitishwa, na serikali ya Labour iliporudi mwaka 1997 sheria ile haikufutwa. Yule wa gazeti hakuacha kulisema hilo. Lakini na yeye hakuwahi kutuambia tungekula nini wiki ya sita ya mgomo.

Mpasuko wenyewe ni wa zamani. Labour ilizaliwa Februari 1900 kwenye ukumbi wa Memorial Hall, Farringdon Street, London, kwa jina la kamati ya uwakilishi wa wafanyakazi. Wajumbe wa Social Democratic Federation, chama cha Kimarx, walitaka mkutano ukiri kwamba kuna vita vya matabaka. Wakashindwa, na mwaka uliofuata wakajitoa. Chama cha Kikomunisti kikaundwa mwaka 1920, Lenin akakishauri kiombe kuingia ndani ya Labour na kimuunge mkono Arthur Henderson, mkubwa wa Labour, kama kamba inavyomuunga mkono mtu aliyenyongwa. Ukisema hivyo hadharani, usishangae ukifungiwa mlango usoni.

Mgomo mkuu wa Mei 1926 ulidumu siku tisa. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi likausitisha, na wachimba makaa wakabaki peke yao mpaka njaa ilipowarudisha mashimoni mwishoni mwa mwaka. Wanamapinduzi hawajasamehe hadi leo, ingawa wakati ule Wakomunisti wenyewe walikuwa na kaulimbiu ya kutaka madaraka yote yapewe baraza kuu la shirikisho hilo hilo. Hili hawapendi kukumbushwa.

Lakini ukitaka kuona jinsi mpaka huu unavyopindapinda, usome habari za Poplar. Ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa bandari, mashariki mwa London. Mwaka 1921 kazi zilikuwa zimekauka, na kila mtaa ulitakiwa kuwalisha maskini wake kwa kodi yake wenyewe. Maana yake ni kwamba mtaa wa hohehahe unatoza kodi kubwa, na mtaa wa matajiri, usio na wa kuwalisha, unatoza kiduchu. Madiwani wa Labour wa Poplar, chini ya George Lansbury, walikuwa wamekwisha kuwapa vibarua wao kima cha chini cha pauni 4 kwa wiki, wanawake sawa na wanaume. Sasa wakagoma kupeleka fungu la kodi linalodaiwa na halmashauri kuu ya London. Mahakama ikaamuru, wakakataa. Wakafungwa 30, wanaume gereza la Brixton, wanawake Holloway. Huko huko jela wakaendelea na vikao vya halmashauri, wanawake wakiletwa Brixton kwa gari. Baada ya wiki kama sita wakaachiwa, na Bunge likapitisha sheria ya mitaa tajiri kuchangia mzigo wa mitaa maskini.

Hao utawaweka kundi gani? Lansbury alikuwa Mkristo mpenda amani, mtu wa Bunge hasa, na miaka kumi na moja baadaye akawa kiongozi wa Labour. Mwanawe Edgar na mkwewe Minnie, waliofungwa naye, walikuwa Wakomunisti. Minnie alifariki tarehe 1 Januari 1922, ana miaka 32. Na aliyewashutumu kwa nguvu alikuwa Herbert Morrison, mwana-Labour mwenzao kutoka Hackney, aliyeona wanakiharibia chama sifa ya kuweza kutawala.

Liverpool walijaribu njia hiyo mwaka 1985. Halmashauri ilikuwa mikononi mwa kundi la Militant, wafuasi wa Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi, waliokuwa wamejijenga ndani ya Labour. Wakapitisha bajeti yenye pengo kwa makusudi ili serikali kuu ilazimike kulijaza, na kaulimbiu wakaiazima Poplar: heri kuvunja sheria kuliko kuwavunja maskini. Serikali haikujaza. Fedha zilipokaribia kwisha wakawaandikia wafanyakazi wao wapatao 31,000 barua za kuachishwa kazi, wakieleza kuwa ni mbinu ya kisheria tu. Nyingine zilisambazwa kwa teksi. Neil Kinnock, kiongozi wa Labour, akazitaja teksi hizo kwenye mkutano mkuu wa chama huko Bournemouth mwezi Oktoba, ukumbi ukalipuka kwa makofi na zomeazomea, na Eric Heffer, mbunge wa Liverpool, akashuka jukwaani akaondoka. Madiwani 47 walitozwa faini na kuvuliwa udiwani.

Wengi watakwambia kosa la Liverpool lilikuwa kuvunja sheria. Mimi sikubali, Poplar nao walivunja. Kosa lilikuwa kumpelekea barua ya kufukuzwa kazi mtu yule yule unayemtegemea akutetee barabarani. Hata hivyo nyumba walizojenga Liverpool watu wanaishi ndani yake, na hilo Kinnock hakulisema kwa sauti ile aliyosemea teksi.

*Mzee, huku kwetu wazee husimulia mradi wa karanga wa Waingereza. Inakuwaje serikali ya wajamaa ikawa ya kikoloni?*
*Msomaji, Kongwa*

Swali lako lina uchungu na lina kichekesho. Serikali ya Labour ya Waziri Mkuu Attlee iliyotaifisha makaa ya mawe mwaka 1947 na kuanzisha matibabu ya bure mwaka 1948 ndiyo hiyo hiyo iliyoleta matrekta Kongwa, kwa sababu Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula na wa dola za Marekani. Waziri wa chakula aliyesimamia mradi alikuwa John Strachey. Miaka ya 1930 Strachey alikuwa mwandishi wa Kimarx mwenye wasomaji wengi, akitabiri kifo cha ubepari. Huyo ndiye aliyekuja kuishia kwenye udongo wenu unaokuwa kama saruji mvua ikikatika. Mradi ukafungwa mwaka 1951 na hasara ya pauni milioni 36.

Kuhusu makoloni wanamageuzi walikuwa waangalifu mno: Wafabiani walianzisha ofisi yao ya makoloni mwaka 1940, wakiamini uhuru utakuja kwa hatua, wao wakiwa wapangaji wa hatua hizo. Wakomunisti wa Uingereza, mwandishi wao Palme Dutt mbele, waliwacharaza kwa hilo, na walikuwa na haki. Ila urafiki na Wafabiani ulitufaa. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952 na akajuana nao. Joan Wicken, msaidizi wake wa miaka mingi, alitokea Labour, na ndiye aliyehangaikia fedha za kuanzisha Chuo cha Kivukoni. Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, naye alikaa London miaka hiyo hiyo ya 1950, akarudi Mmarx. Walipokutana kwenye baraza moja la mawaziri baada ya Muungano, ule ubishi wa dola ulikuwa umeshapanda meli.

*Mzee wangu, mimi ni muuguzi huku Birmingham na nina kadi ya Labour. Mwenzangu wodini ananivuta nijiunge na chama chake kidogo cha kimapinduzi. Je, ninaweza kuwa na vyote viwili?*
*Dada wa wodini*

Kwa Labour, hapana, dada yangu. Ukijiunga na chama kinachosimamisha wagombea dhidi yao unajifukuzisha. Wahariri watano wa gazeti la Militant walifukuzwa mwaka 1983, na mwaka 2021 makundi manne yalipigwa marufuku kwa mkupuo, mojawapo likiwa kizazi cha Militant hao hao. Your Party, chama kipya cha Jeremy Corbyn, aliyewahi kuongoza Labour, na mbunge Zarah Sultana, kiligongana na swali lako hili hili kwenye mkutano wa kwanza Liverpool, Novemba 2025: watu wa Socialist Workers Party walifukuzwa mlangoni, Sultana akasusia siku ya kwanza, kisha wanachama wakapiga kura kuruhusu uanachama wa vyama viwili. Kadi yako ya chama cha wafanyakazi ni jambo jingine kabisa. Hiyo usiirudishe kwa ajili ya yeyote kati yao, na ada yake lipa kwa wakati.