Marufuku ya programu moja haitoshi

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni iwapo serikali ina haki ya kupiga marufuku mtandao wa kijamii kwa sababu mmiliki wake ni wa nchi ya kigeni. Naona ina haki kamili ya kuuondoa kwenye simu za kazi za askari na maofisa wake, lakini kuwafungia raia wote programu moja huku nyingine zikiendelea kukusanya taarifa zile zile hakuwalindi raia hao.

Hofu yenyewe si ya kubuni. Sheria ya Ujasusi ya China ya mwaka 2017 inazitaka taasisi na raia washirikiane na vyombo vya ujasusi, na ByteDance, kampuni mama ya TikTok, ilianzishwa Beijing. Desemba 2022 kampuni hiyo ilikiri kwamba baadhi ya wafanyakazi wake, katika kumsaka aliyekuwa akivujisha siri za ndani, walichukua anwani za IP za waandishi wa habari, yaani namba za mtandao zinazoweza kudokeza mtu yuko wapi, na kuzilinganisha na za wafanyakazi wenzao ili wajue nani amekuwa karibu na nani. Wahusika walifukuzwa kazi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hawakuhitaji kuvunja mlango wowote, kwa kuwa taarifa hizo zilikuwa tayari mikononi mwao.

Hata hivyo, Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ni kampuni ya Marekani, na Januari 2018 iligundulika kwamba ramani yake ya mazoezi, iliyo wazi kwa kila mtu, ilionyesha mistari ya mbio za askari kuzunguka kambi zao Syria na Afghanistan. Hapo hapakuwa na mmiliki wa kigeni wa kulaumiwa.

Marekani ilipopitisha sheria ya kuilazimisha ByteDance iuze TikTok, na Mahakama ya Juu ikaikubali tarehe 17 Januari 2025, watumiaji wengi walikuwa wameshaanza kuhamia Xiaohongshu, programu nyingine ya Kichina. Ningependa wabunge wanaofikiria marufuku walitafakari hilo kwa makini.

Mfano ninaouheshimu zaidi ni wa mdhibiti wa data wa Ireland, ambaye Mei 2023 aliitoza Meta, kampuni ya Marekani inayomiliki Facebook, faini ya euro bilioni 1.2 kwa kupeleka Marekani taarifa za watumiaji wa Ulaya bila kinga ya kutosha, na Mei 2025 akaitoza TikTok euro milioni 530 kwa kosa la aina hiyo hiyo kuhusu China. Kampuni zote mbili zilipimwa kwa kipimo kimoja.

Penye uzito wa pekee wa umiliki ni kwenye algoriti inayoamua nani aone nini, maana upendeleo wake hauonekani kwa nje. Hapo naunga mkono serikali idai ukaguzi wa wataalamu huru.

Kwa mengine, sheria ingeanzia kwenye kitufe kile kinachoomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu. Anayekibonyeza anatoa namba za wazazi wake, daktari wake na wakili wake, watu ambao huenda hawajawahi kujiunga na mtandao huo wala hawakuulizwa. Ombi hilo lipigwe marufuku kwa kila kampuni, ya nyumbani na ya ugenini.