Mgebuka kunata na kukatika kikaangoni

Dada, umeuliza kwa nini mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, ananata na kukatika ukimkaanga. Kinachonatisha ni maji, sio kikaango. Mgebuka akishaoshwa, mpake chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kilo, mwache dakika 20 kwenye chujio, halafu mfute kwa kitambaa hadi ngozi iwe kavu, na tumboni pia. Mchanje kila upande.

Mafuta yafike nusu ya unene wa samaki. Chovya mpini wa mwiko: vipovu vikitoka mfululizo, tia. Wawili kwa wakati mmoja wanatosha. Ukijaza kikaango mafuta yanapoa, samaki anachemka badala ya kukaanga. Usimguse dakika 4 au 5. Ngozi ikishika rangi anajiachia mwenyewe, ndipo umgeuze. Ukimlazimisha, ngozi inabaki chini.

Wa kuchoma, subiri mkaa uvae majivu, na wavu upakwe mafuta ukiwa moto.

Wa mawese, rosti iive kwanza, nyanya zisagike kabisa, samaki aingie mwisho kwa moto mdogo, dakika 10 kama ni mbichi. Hapo mwiko weka kando, tikisa sufuria tu.