Maswali ya msimu wa matanga: jaketi, pointi na sherehe za klabu

Msimu wa mashindano ya matanga kwenye Ghuba ya Mwanza unaanza, na maswali yamejaa kama kila mwaka. Nimechagua yale ambayo majibu yake yanaweza kumzuia mtu asizame au asigombane na mwenzake. Yanayohusu bei ya vinywaji muulizeni mhudumu wa baa.

Mashindano yanaanza saa ngapi Jumamosi? (Wengi mmeuliza)

Saa 8 mchana. Ratiba iko kwenye ubao wa matangazo, pale pale mnapopita kwenda baa. Na saa 8 ni wakati wa kuvuka mstari, si wakati wa kuegesha gari. Bendera ya onyo hupanda dakika 5 kabla, ya maandalizi dakika 4 kabla, na hiyo ya pili hushuka ikibaki dakika 1. Kama bendera ya kwanza inakukuta bado unafunga tanga, umeshachelewa.

Kwa nini tusishindane asubuhi, kabla ya jua kali, ili mchana tubaki na familia? (Mwanachama, Isamilo)

Kwa sababu asubuhi hakuna upepo wa kutosha kushindania. Ule mdogo unaokuwapo hutoka nchi kavu na hufa jua likipanda. Ikifika saa 5 au saa 6 ardhi imeshapata moto kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inapanda, na ile ya ziwani inaingia kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo wetu wa mchana. Huanza taratibu na kupata nguvu kati ya saa 8 na saa 10, halafu hulegea jua likishuka. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi nalo huleta nguvu zake, na kuna siku hata asubuhi maji yanachafuka, lakini hatuwezi kupanga ratiba ya mwaka mzima kwa siku hizo.

Hukuuliza, ila nitasema, maana nimesikia kuna wanaopanga safari ya matanga ya mbalamwezi na muziki juu yake. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, na hewa ya baridi kutoka kwetu Tanzania, Kenya na Uganda huteremkia ziwani kutoka kila upande. Ikikutana kule kati hupanda na kuumba mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba mbaya za Ziwa Victoria nyingi ni za usiku na alfajiri, saa zile zile wavuvi wa dagaa wakiwa kazini na taa zao. Wao wanakwenda kwa sababu watoto lazima wale. Sisi hatuna sababu hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria, usomeni. Mkiwa majini mkaona wingu jeusi limeinama na upepo umekatika ghafla, msingoje kuulizana. Tanga chini kwanza, maneno baadaye, kwa sababu upepo unaofuata huja kwa kishindo na una baridi.

Safari ya mbalamwezi naipinga, na nitaipinga kwenye kikao.

Shikamoo Nahodha. Mimi naogelea vizuri tangu shule. Je, ni lazima kuvaa jaketi okozi hata upepo ukiwa mdogo? Linanibana na lina joto. (Kijana wa Nyegezi)

Marahaba. Ni lazima. Usipolivaa hutoki, na ukilivua majini matokeo yako yanafutwa.

Nimelijibu swali hili kila msimu, na safari hii nitalijibu kwa kirefu ili mwakani nielekeze watu hapa. Kuogelea ni ujuzi wa mtu aliye na fahamu zake. Bumu, ule mti wa chini ya tanga, ukikupiga kichwani wakati mashua inageuka, hutaogelea hata kidogo. Ukinaswa na kamba chini ya tanga lililopinduka, au misuli ikikukaza baada ya nusu saa ya kung'ang'ana na mawimbi, ujuzi wako wa shule hauna kazi. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na mtu aliyeachana na mashua yake ni kichwa kimoja kidogo juu ya maji. Boti ya uokoaji hutafuta rangi. Hutafuta lile chungwa la jaketi.

Watu wa Mwanza hatuna haja ya kuelimishwa kuhusu ziwa kuua. MV Bukoba ilizama Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika mjini, na mamia wakafa. MV Nyerere ilipinduka Septemba 2018 ikiwa inakaribia gati ya Ukara, mchana, watu wakiitazama kutoka nchi kavu, na waliokufa walizidi 200. Ukaribu wa nchi kavu haukuwaokoa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba tunashindana karibu na ufuko.

Sasa jambo ambalo wengi hamlijui hata nyinyi mnaovaa. Someni lebo ya ndani. Imeandikwa 50, 100 au 150, yaani nguvu ya kukufanya uelee juu ya maji, kwa nyutoni. Lile la 50 humsaidia mtu mzima anayeweza kujisaidia na aliye karibu na msaada, nalo halitakugeuza uso juu ukizimia. La 100 na kuendelea limetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa mashindano ya karibu, yenye boti ya uokoaji pembeni, la 50 tunalikubali kwa watu wazima kwa sababu unaweza kujikunja chini ya bumu ukiwa umelivaa. Kwa watoto nataka la 100 lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na liwe la kilo zake mtoto mwenyewe, si la kaka yake eti atakua. Jaketi kubwa humpanda mtoto usoni na yeye akabaki chini. Kalijaribuni kwenye maji ya kiunoni kabla ya siku ya mashindano.

Hilo la kubana: legeza mkanda wa juu, usiguse wa chini.

Nani ana haki ya njia tukikutana? Kila mtu ananifokea. (Mwanachama mpya)

Wanakufokea kwa sababu hujasoma, na wao wanakosea kukufokea badala ya kukuambia. Kanuni kubwa ni tatu. Mmoja akiwa na upepo unaomjia kutoka kushoto na mwingine kutoka kulia, wa kushoto apishe. Wote wakiwa na upepo upande mmoja na wamekwenda sambamba, aliye karibu na unakotoka upepo ampishe aliye upande unakoelekea upepo. Aliye nyuma ampishe aliye mbele. Kwenye boya la kuzunguka yapo mengine ya kuongeza, lakini mtu mwenye hayo matatu kichwani hatagonga watu.

Ukimkosea mwenzako, jitenge na wengine, uzunguke mara mbili kamili, kisha uendelee. Ukigusa boya, mara moja. Hakuna mwamuzi atakayekulazimisha pale majini. Mchezo huu umesimama juu ya mtu kujihukumu mwenyewe, na anayegusa boya kisha akatazama pembeni amekwishashindwa kwangu, hata akibeba kikombe.

Na nisikilizeni vizuri hapa, wakongwe mnaongoza kwa kosa hili: kanuni hizo ni za kwetu sisi tunaoshindana. Mvuvi hayumo. Ukikuta mtumbwi umetega nyavu, usipige kelele eti una upepo wa kulia. Yuko kazini na wewe uko kwenye mchezo, zunguka mbali na nyavu zake. Vivuko vya Kamanga navyo haviwezi kukukwepa kwa haraka, kaa mbali navyo. Anayemtukana mvuvi kutoka kwenye mashua ya klabu anatuchafulia jina kwenye mialo yote, na mimi ningependa adhabu yake iwe msimu mzima.

Msimu uliopita fulani aligusa boya na hakuzunguka. Niliona. Naweza kupeleka malalamiko sasa?

Hapana. Unapinga pale pale kwa sauti, na unaandika siku ile ile kabla muda uliowekwa haujaisha. Vinginevyo ni umbea.

Nimeshinda mara 3, zaidi ya mtu yeyote, lakini nimekuwa wa nne. Hesabu hizi ni za haki? (Amekasirika, Capri Point)

Ni za haki, na tatizo lako ni zile Jumamosi ulizokuwa harusini. Wa kwanza hupata pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Asiyetokea hupewa idadi ya mashua zilizojiandikisha, ongeza 1. Chukua msimu wa mashindano 8 na mashua 12. Umeshinda mara 3, hizo ni pointi 3. Umekuwa wa nne mara 2, hizo ni 8. Hukuja mara 3, kila moja 13, jumla 39. Tokeo moja baya kuliko yote linafutwa kwa kila mtu, kwa hiyo unabaki na 37. Mwenzako hakushinda hata mara moja. Alikuwa wa tatu mara 4 na wa nne mara 4, jumla 28, toa 4, anabaki na 24. Alikuja kila Jumamosi, amekushinda kihalali. Mpe mkono.

Ziwa lina kichocho au ni hadithi za kutishana? (Mama wa watoto wawili)

Kipo, mama. Konokono wanaokibeba hupenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia na yenye majani, yaani pale pale watoto wanapopenda kuchezea wakisubiri mashua. Shusha mashua penye maji wazi, usiwaache waoge kwenye matete, wajikaushe mara wakitoka. Hayo hupunguza hatari, hayaifuti. Wiki kadhaa baada ya msimu wapeleke wakapimwe hata kama hawaumwi. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na mtoa huduma ndiye atakayekuambia kipimo kwa uzito. Msinywe kwa kukisia. Matete hayo hayo ni makazi ya mamba na viboko, kwa hiyo una sababu mbili za kuwaita watoto watoke.

Kwa nini mstari wa kuanzia umehamishwa?

Magugu maji. Upepo ukigeuka yatahama, nasi tutarudi.

Chakula cha jioni cha kugawa vikombe kiko palepale? Nataka kuleta wageni kumi. (Mwanachama wa siku nyingi)

Tarehe haijabadilika. Wageni kumi ni wengi, lipia mapema na ujue sato wa kuchoma hawatatosha kwa anayekuja bila kujiandikisha.

Lakini umenipa nafasi ya kusema. Sherehe zetu ni nzuri na sitaki zife. Usiku wa ndizi na nyama, ngoma ya kufungua msimu, chai ya Jumapili ya wazazi, vyote vinatufanya tujuane. Ninachokataa ni mashindano kugeuka kisingizio cha sherehe. Kila mwaka meza zinaongezeka na mashua kwenye mstari zinapungua. Tunapata kamati ya mapambo yenye watu tele huku tukitafuta mtu mmoja wa kukaa kwenye boti ya uokoaji, hatumpati. Napendekeza hivi, na nitalipeleka kwenye kikao pamoja na lile la mbalamwezi: anayetaka meza usiku wa vikombe awe amefanya zamu walau moja, iwe ya boti ya uokoaji, ya kushika saa au ya kuinua bendera. Na waliokuwa kwenye boti ya uokoaji siku hiyo wapakuliwe kwanza, kabla ya mgeni rasmi.

Pombe ni baada ya mashua ya mwisho kufungwa. Mwendesha boti ya uokoaji asiguse hata chupa moja tangu asubuhi. Hili halina mjadala.

Mwanangu ana miaka 8. Aanze na mashua gani? Na je, ni kweli mnataka kuingiza watoto wa mwaloni bila ada? (Mzazi, Kirumba)

Aanze na Optimist. Ni kaboti ka mita 2.3, kana kilo 35, ka mtu mmoja, na mashindano yake ni ya watoto hadi miaka 15. Laser, mashua kubwa zaidi ya mtu mmoja, ingoje. Tanga lake kubwa lina mita za mraba 7, litamtupa mtoto wa miaka 8 majini kabla hajajua usukani uko wapi. Wiki za kwanza afundishwe kupindua mashua kwa makusudi na kuiinua, na kutoiacha kamwe. Kupiga bisho, yaani kwenda kwa zigizaga kuelekea upepo, kutafuata. Mtoto asiyeogopa kupinduka hujifunza kila kitu kingine upesi.

Swali la pili: ndiyo, ni kweli, na mimi ni mmoja wa wanaolisukuma. Optimist ilichorwa mwaka 1947 na Clark Mills kule Clearwater, Florida, ili watoto wa kawaida wapate mashua ya bei nafuu inayoundwa kwa mbao za plaiwudi nyumbani. Leo tunaagiza za plastiki kutoka ng'ambo kwa fedha nyingi, kisha tunasema mchezo ni ghali. Mafundi wanaounda mitumbwi kwenye mialo yetu hawashindwi na maboksi haya ya mita 2. Tuwape michoro na tuwalipe. Mtoto aliyekulia mwaloni anasoma upepo juu ya maji kabla ya wengi wetu, anachokosa ni mashua, jaketi la saizi yake na mtu wa kumkaribisha getini. Hofu yako kwamba watoto "watachanganyika" nimeisoma kwenye barua yako. Nataka wachanganyike. Wako atajifunza kutoka kwao, na kwa kasi.

Naweza kukodi Laser siku ya fainali bila kufanya mazoezi? Nimeangalia video.

Hapana. Njoo Jumamosi hii saa 6 mchana, uje na jaketi.